Mmea wa Manga Uliolala Droo Isiyo Yake

Wewe umepita hapo. Usibishe. Umeteremka njia ile ya miguu ya Manga ukienda matanga, ukienda kuposa, ukienda kuomba kura, na ulipofika kwenye chemchemi ya kwa Ombui ukapandisha suruali isilowe, ukakanyaga majani, ukaenda zako. Jioni ungeulizwa ulikanyaga nini, ungesema, "Majani tu."

Hayo majani tu ndiyo yaliyomwamsha Nyanchera Ombui leo.

Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumapili. Ukungu haujainuka kwenye ukingo wa Manga na shamba la chai la jirani linaonekana nusu nusu. Nyanchera, mwenye umri wa miaka 54, amevaa buti za mpira za mumewe na kujifunga leso mbili. Amepiga magoti kwenye matope. Mbele yake, chini ya mawe yanayochuruzika maji, ipo mimea ishirini na mitatu isiyofika gotini, yenye maua meupe madogo yaliyotiwa zambarau kooni. Mashina tisa yamevishwa vifuko vya chandarua vilivyoshonwa kwa mkono, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko kidole gumba.

"Usisogee hapo," anasema bila kugeuka. "Ukipiga chafya umemaliza kazi ya miaka mitatu."

Hatanii. Ndani ya vifuko hivyo kuna matunda marefu kama ukucha. Tunda la mmea huu likiiva, likiguswa hata na nzi, hupasuka na kurusha mbegu huku na huko. Nyanchera anahitaji tunda moja zima, likiwa bado kwenye shina lenye ua. Akilikosa msimu huu, mmea huu utabaki kitu kisicho na jina mbele ya wanabiolojia wa dunia. Na kitu kisicho na jina hakimo kwenye orodha yoyote, hakilindwi na sheria yoyote, na anayekifyeka hajafyeka kitu.

Chemchemi nayo inakauka. Haitangoja.

"Miaka mitano iliyopita nilihesabu mwenyewe," anasema. "Mia mbili na kumi na minne. Sasa hesabu wewe."

Tunahesabu. Ishirini na mitatu.

Kazi ya Nyanchera ni kuchuma chai katika mashamba ya watu. Siku nzuri hupata kama shilingi mia mbili na hamsini, siku ya mvua ya mawe hapati kitu. Siku za soko hupeleka mboga za kienyeji Keroka: chinsaga, managu, enderema. Kazi ya mimea ya porini humwita siku chache tu kwa mwaka, na siku hizo hulipwa shilingi elfu moja. Aliacha shule akiwa darasa la saba. Hakuna mwalimu aliyewahi kumfundisha biolojia.

"Lakini mboga ni shule," anasema. "Ukiuza managu chungu na umesema ni tamu, mteja atarudi na sufuria yake."

Alipoolewa Manga mwaka 1990, mama mkwe wake, marehemu Bosibori, alimkagua mikono kabla ya kumkagua tabia. Nyumba ile ilisifika kwa chinsaga safi, ufundi ambao Bosibori alitoka nao kwao, hapo hapo Manga, na fundo lake lilijulikana sokoni bila kuuliza ni la nani. Maua yote yametolewa, kwa kuwa maua ni machungu na mteja hayataki. Majani ya chini yamepukutishwa. Kileleni yameachwa majani matatu, yaonyeshe kwamba mboga ni ya leo. Shina limekatwa kwa ukucha, si kwa kisu. Halafu kamba ya mgomba, mizunguko miwili, ncha imefichwa ndani.

"Alikuwa anafungua mafundo yangu mbele ya wageni," Nyanchera anakumbuka, akicheka mpaka anashika magoti. "Anauliza, 'Mtoto wa watu, hii ni mboga ama ni kiota cha kuku?' Nilikaa mwezi mzima ndipo akasema mkono wangu umeanza kuwa wa nyumba hii. Siku hiyo nililala kama nimepewa ng'ombe."

Ni Bosibori huyo huyo aliyemleta hapa chemchemini na kumwonyesha mmea huu. Aliuita kwa jina la Ekegusii ambalo Nyanchera ameomba lisiandikwe gazetini, na halitaandikwa, kwa sababu wapo wachimba mizizi ambao wakisoma leo, kesho wamefika na jembe. Akamwonyesha kuwa mmea huu una ndugu. Ndugu yake ana ua la waridi na yuko kwenye kila mtaro wa Nyamira. Huu ua lake ni jeupe, mkia wa ua umejikunja kama ndoana, na tunda lina manyoya.

"Akaniambia, hawa si mmoja. Usiwachanganye."

Kumbuka maneno hayo, maana yalisemwa na mama ambaye hakujua kusoma, wakati ambapo waliosoma walikuwa wamekwisha kuwachanganya.

Mwaka 2009 Daktari Nyamoita, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Nyamira na anayefundisha katika chuo kikuu kimoja nchini, alifika Manga akitafuta mtu anayejua vijia vya korongoni. Kila aliyemuuliza alimwelekeza kwa muuza mboga. Akamwomba Nyanchera amletee mmea wowote wa chemchemini anaodhani si wa kawaida. Jioni Nyanchera akarudi na fundo.

Lilikuwa safi kabisa. Maua yote yametolewa. Majani matatu kileleni. Kamba ya mgomba, mizunguko miwili.

"Nililitazama nikaligeuza pande zote," Daktari Nyamoita anasimulia kwa simu. "Mwishowe nikamwambia, Mama, umeniletea chakula cha jioni."

Nyanchera ana upande wake wa hadithi hiyo. "Mimi nilijua anasifu! Nikamuuliza kama ana mafuta ya kupikia."

Kosa hilo hulifanya mtu aliyelelewa vizuri katika nyumba ya Kigusii, na mwingine yeyote angeuleta mmea na maua yake yote kwa uvivu tu. Lakini kwa mwanabiolojia, mmea uliotolewa maua ni mtu aliyepelekwa ofisi ya vitambulisho akiwa amefunikwa uso. Majani hudanganya. Yakikaa kivulini hupanuka, yakikaa juani hujikunja, udongo ukiwa na njaa hugeuka rangi. Ua na tunda ndivyo hushika ukoo, na kwa hivyo ndivyo wataalamu hutazama kwanza wanapoamua mmea ni wa nani.

Ukitaka kujua wanavyoamua, muulize Nyanchera. Anaeleza vizuri kuliko vitabu vingi, na halipishi.

"Ukiniuliza mimi ni nani, sitakutajia jina langu tu," anasema. "Nitakuambia ukoo wetu, halafu nyumba yetu, halafu mimi mwenyewe. Mmea ni hivyo hivyo. Watu wa sayansi wanaupa majina mawili ya Kilatini. La kwanza ni la nyumba, la pili ni la mtoto. Basi. Mchina akilisoma anajua ni yule, Mjerumani akilisoma anajua ni yule. Hakuna kugombana."

Nyumba ya mmea huu inaitwa Impatiens, maana yake kwa Kilatini ni asiye na subira, kwa sababu ya hilo tunda lake lisilotaka kuguswa. Ndugu ni mamia duniani kote. Jina la pili, la huyu mtoto wa Manga, bado.

Na jina haliwi jina kwa sababu mtu amelitamka. Lazima mmea uelezwe kwa maandishi yanayokaguliwa na wataalamu wengine, yachapishwe, na jina lifungwe kwenye kielelezo kimoja: mmea mmoja uliokaushwa, ukabandikwa kwenye karatasi, ukahifadhiwa daima. Mtu yeyote akibisha miaka mia ijayo, anaenda kutazama karatasi ile. Nyanchera anasema ni kama ndama na kigingi. Ndama ni jina. Kigingi ni karatasi.

Baada ya aibu ya fundo, Daktari alimfundisha kazi upya. Mmea huchukuliwa na ua lake, na tunda lake, na mdudu wake kama yupo. Hulazwa ndani ya gazeti kuukuu, gazeti huwekwa kati ya kadibodi, kadibodi kati ya fremu mbili za mbao, kisha mikanda hukazwa. Magazeti hubadilishwa kila siku mpaka mmea ukauke. Kando huandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino hutoroka maji yakiingia: mahali, urefu kutoka usawa wa bahari, tarehe, rangi ya ua kabla haijafifia, na jina la aliyechuma.

"Gazeti lenu ni zuri," anatuambia kwa uso mkavu. "Linanyonya maji kuliko yale mengine."

Tunashukuru. Angalau kuna mtu anayetusoma mpaka ndani.

Kielelezo cha mmea wenye ua jeupe kilikaa chuoni miaka mingi, fedha za utafiti zikija na kuisha kama mvua ya Januari. Mwaka 2022 Daktari Nyamoita aliandika maelezo yake na kuyapeleka kwa wakaguzi. Yakarudi na masharti mawili. Kwanza, leteni tunda. Pili, tazameni vielelezo vyote vya zamani vya yule ndugu wa waridi, mhakikishe huyu hajajificha kati yao.

Sharti la pili ndilo lililotikisa boma la Ombui.

Siku hizi hifadhi kubwa za ng'ambo zimepiga picha karatasi zao na kuziweka kwenye mtandao. Mwaka 2023 Daktari alikaa wiki mbili akizipitia, karatasi kwa karatasi, mpaka akafika kwenye moja iliyoandikwa chemchemi ya Manga, mwaka 1958. Ilikuwa imewekwa kwenye droo ya ndugu wa waridi. Ilikuwa na shina, majani matatu kileleni, na hakuna ua hata moja. Pembeni ya shina, ikiwa imegandamizwa na kubandikwa pamoja nalo, ilikuwepo kamba iliyokauka.

Kwenye lebo kulikuwa na jina la afisa mmoja wa serikali ya kikoloni, herufi tatu za mwanzo na jina la ukoo. Chini yake, kwa Kiingereza, mstari mdogo uliosema kwamba mmea uliletwa na msichana wa hapo.

Msichana wa hapo! Aliingia korongoni ambamo bwana mkubwa hakuweza kuingia, akajua ni mmea upi wa kuchukua na upi wa kuacha, akarudi nao mkononi, na yule mtu mzima mwenye kalamu na wino na karatasi ya kutosha hakuona haja ya kumuuliza, binti, unaitwa nani? Jina la farasi wake pengine lipo kwenye barua fulani. Mwisho wa siku aliona ametosheka, akaenda kunywa chai. Miaka sitini na mitano karatasi ile ilikaa kimya kwenye droo isiyo yake. Wengine husema hayo ni ya kale, tusahau. Asahau aliyeandikwa jina.

Daktari aliichapisha picha ile kwa rangi mjini Kisii, akapanda nayo Manga. Alimkuta Nyanchera jikoni akichambua mboga, akampa, akamuuliza anaonaje.

"Niliisogeza karibu na macho," Nyanchera anasema. "Daktari akadhani sioni vizuri, akaniletea miwani yake. Nikamwambia, weka miwani. Hii ni kamba ya mama."

Bosibori alikuwa wa mkono wa kushoto. Katika nyumba ile wote hufunga fundo likizunguka kulia. Lake pekee lilizunguka kushoto, na sokoni watani walisema chinsaga yake imefungwa na mchawi. Kamba ya kwenye picha ilizunguka kushoto, mizunguko miwili, ncha imefichwa ndani.

Wanawe walikumbuka ghafla hadithi waliyoisikia utotoni na kuicheka. Bosibori alikuwa akisimulia kwamba alipokuwa msichana wa miaka kama kumi na miwili, mzungu mwenye mguu uliovimba alipiga hema chini ya ukingo wa Manga, akawa anawatuma watoto wamletee mimea. Yeye alimpelekea fundo safi, akalipwa kopo la sukari. Watoto wake wakisikia humalizia wenyewe: "Na ng'ombe je, mama? Hakukupa ng'ombe?"

Alifariki mwaka 2016, bado wanamcheka.

"Kamba si ushahidi wa kisayansi, na sitadai ni ushahidi," Daktari Nyamoita anasema kwa uangalifu wa watu wa kazi yake. "Lakini mahali ni pale pale chemchemini, ambapo yule ndugu wa waridi haoti, mwaka unaoana na umri wake, na lile shina limekatwa kwa ukucha. Nimeandika yote hayo, kwa jina lake kamili."

Nyanchera hahitaji uangalifu huo. Anachohitaji ni kushukuru, na hushukuru mpaka kwa mambo ambayo mwingine angeyalaani.

"Mimi nashukuru kwa lile kosa," anasema. "Kama mama angepeleka na maua, yule afisa angeona ni mmea mpya. Angeupa jina lake yeye. Leo ungekuwa unaitwa kwa jina la mtu ambaye hata hakufika chemchemini. Mama aliyang'oa maua, akawanyima. Hakujua, lakini alitutunzia."

Akiisha kusema hayo huongeza, "Na mimi nikaja nikarudia kosa lile lile. Si unaona alinifundisha vizuri?"

Sasa tunarudi kwenye tunda, maana bila tunda hadithi yote hii ni maneno ya jikoni.

Mwaka wa kwanza Nyanchera alilishika kwa vidole, likampasukia mkononi. Mbegu zikamrukia usoni, akabaki na ganda lililojikunja. Mwaka wa pili alilingoja kwa siku nane. Lilikuwa moja tu, limenona, limebakiza siku. Likaiva Jumamosi.

Nyanchera ni Msabato. Jumamosi hachumi chai, hauzi mboga, hachumi mmea. Alikuwa kanisani, na anakiri kwamba wakati wa mahubiri alikuwa akiliona tunda lile kuliko alivyomwona mhubiri. Jumapili alfajiri akakuta shina tupu.

"Watu walinicheka. Shemeji yangu akasema, 'Mungu angekusamehe dakika tano.' Nikamwambia, Mungu angenisamehe, lakini mimi ningejuaje tena siku zake ni zipi?"

Mwaka huu akachukua chandarua kilichotoboka, akakata vipande, akashona vifuko. Ijumaa, jua halijazama, akalivisha kila tunda lililokaribia kuiva. Likipasuka, mbegu zitabaki ndani. Lisipopasuka, atalikuta.

"Chandarua ndicho kilifanya kazi Sabato," anasema. "Mimi nilikuwa naimba."

Daktari Nyamoita sasa amewaambia wanafunzi wake wote washone vifuko vya namna hiyo.

Nyasi za juu zinatikisika. Anateremka Ochoki Ombui, miaka 62, kaka mkubwa wa mume wa Nyanchera, dereva wa lori mstaafu. Ana panga begani.

"Bwakire, Mama Sharon," anasalimu kwa Ekegusii, kisha kwa sauti ya chini inayomshinda, akiitazama mimea, "watoto wako wameamka?"

"Baba Eric, mguu pole. Hapa si barabara ya Keroka."

"Nimekuja pole. Hata lori sikuja nalo."

"Simama kwenye jiwe. Hapana, lile. Na usicheke."

Ochoki anasimama kwenye jiwe na kunyamaza, jambo ambalo majirani wanasema hawajawahi kuliona. Huyu ndiye aliyepanda mikaratusi kumi na tisa kwenye ukingo wa chemchemi hii mwaka 2014, apate nguzo za kuuza. Mikaratusi ikanywa. Kila mwaka Nyanchera alimwendea kwa heshima akimwomba aikate, na kila mwaka alirudi na mzaha: "Mama Sharon, unataka nikate miti mikubwa ili ninyweshe nyasi?" Maafisa walikuja mara mbili, wakapima maji, wakapiga picha, wakaenda kula mahali. Hawajarudi.

Kisha akaonyeshwa picha ya karatasi.

"Niliiona ile kamba nikasema, baba," Ochoki anaeleza. Kwa Ekegusii neno hilo ni mama. "Yule mama alituambia kitu cha kweli na sisi tukamtania mpaka kaburini. Kopo la sukari! Mimi mwenyewe ndiye nilianzisha ile ya ng'ombe."

Wiki ile ile alikata mikaratusi saba. Mingine anaimaliza kidogo kidogo, na leo amekuja kuangusha miwili. Visiki vyake huvirudia kila mwezi kuvunja machipukizi, kwa sababu mkaratusi ukikatwa haujui umekufa.

Nyanchera anafungua kifuko cha kwanza. Kitupu, tunda lilinyauka bila mbegu. Cha pili kina kiwavi aliyeshiba. Cha tatu kitupu. Cha nne kina ganda lililopasuka na mbegu sita nyeusi ndogo kama za ufuta. Nyanchera anazimimina kwenye bahasha. Cha tano, mbegu tano. Cha sita na cha saba, hamna.

Cha nane hakifungui. Anakitazama kwa upande, akikinga pumzi kwa mkono.

Ndani ya chandarua tunda ni zima. La kijani, lenye manyoya, limeanza kugeuka njano kwenye mishono. Juu yake, kwenye shina lile lile, kuna ua limefunguka leo.

"Asante," anasema. Haijulikani anamwambia nani. Huenda ni wengi.

Hatang'oa mzizi. Anakata juu ya kifundo cha tatu ili shina lichipue, na anakata kwa ukucha wa kidole gumba. Mkono mwingine umeshika tunda ndani ya kifuko chake, kwa uzito wa mtu aliyebeba yai la njiwa. Fremu iko wazi juu ya jiwe, gazeti limetandikwa. Analaza shina, ananyoosha ua kwa kijiti, anafunika, anaweka kadibodi, anakaza mkanda tundu moja, halafu jingine, akisikiliza kama kuna kitakachopasuka.

Hakuna kinachopasuka.

Kisha Ochoki anasema, "Sasa naweza kucheka?"

"Cheka, Baba Eric. Lakini geukia kule."

Kifuko cha tisa anakiacha. Hicho ni cha chemchemi yenyewe.

Jikoni, chai ikiwa imemiminwa, Nyanchera anaandika lebo kwa penseli. Mahali. Urefu. Tarehe. Ua jeupe, koo la zambarau. Kwenye nafasi ya aliyechuma anaandika Nyanchera Ombui kwa herufi kubwa, analitazama, analifuata tena juu yake liwe jeusi zaidi. Daktari Nyamoita anapanda kesho kuichukua. Mbegu kumi na moja zitagawanywa: tano ziende chuoni, sita zipandwe kwenye ukingo ulioachwa na mikaratusi.

Jina la pili hawezi kututajia. Utaratibu wa kazi ni kwamba jina halitangazwi kabla halijachapishwa. Anachotaka yeye anakijua kila mtu Manga, na Daktari akiulizwa hucheka tu.

"Mimi sitaki langu," Nyanchera anasema. "Langu liko kwenye lebo, linanitosha. Kuna mtu alipewa sukari akaambiwa aende nyumbani. Nataka siku moja mwanangu Sharon afungue kitabu, akute mmea, akute jina, aseme, huyu ni bibi yangu. Mtu asibishe."

Anakunja leso. "Na nikienda chemchemini siku hiyo, nataka nikute mimea hai. Jina bila mwenyewe ni jiwe la kaburi."

Hapo ndipo furaha ya nyumba ile inapoishia na kazi yako wewe inapoanza. Kwa sababu Ochoki ni mmoja. Juu ya chemchemi hiyo hiyo, kwenye mashamba manne ya majirani, tumehesabu mikaratusi arobaini na mmoja iliyoingiza mizizi majini. Hao wenye miti wamesikia habari za kamba. Wamesema ni hadithi nzuri. Kisha mmoja akauliza, kwa haki kabisa kama anavyodhani, "Lakini mama yangu mimi yuko kwenye karatasi gani?"

Na wewe unayesoma hili Nyanchwa, Keroka, mjini Kisii, popote palipo na mto unaopita nyuma ya shamba la baba yako, usijifanye hayakuhusu. Unayo miti hiyo. Unajua ilipandwa mwaka gani, na unajua mto ulifika wapi kabla yake, kwa sababu uliogelea humo. Chini yake kuna vitu ambavyo hakuna aliyevitazama mara mbili. Vingine mama yako alivijua mmoja mmoja, akajua hawa si mmoja, na hukumuuliza.

Yupo bado? Mpigie leo. Muulize majani ya mtoni yanaitwaje na yanatofautianaje, uandike majina yote, na la kwake uliandike juu.

Halafu chukua panga. Leo, si baada ya mvua. Anza na mkaratusi ulio karibu na maji kuliko yote, ukate, na mwezi ujao urudi uvunje machipukizi. Ochoki alingoja mpaka akaonyeshwa kamba ya mama yake. Wewe usingoje yako.